Swali la Tatu

Swali la tatu, alama ishirini:
Jadili namna Wagiriki walivyoupokea
utawala wa Makedonia. Hoja nne,
utangulizi, hitimisho.
Nimefika karatasi ya thelathini na moja,
umeme wa Magomeni umekatika mara mbili,
nasahihisha kwa taa ya simu,
na wote, wote, wameandika: waliupinga.

Ndivyo nilivyowafundisha. Nakiri.
Niliwapa msemaji wa Athene juu ya jukwaa,
jasho shingoni, akiapa kwamba yule wa kaskazini
si mwenzetu: lugha yake ina kokoto,
mvinyo anaunywa bila maji.
Sikuwapa mzee mwingine wa Athene hiyohiyo
aliyemwandikia mfalme barua: njoo,
tupatanishe, tumechoka kuchinjana.
Wala miji midogo ya kusini iliyoshusha pumzi,
maana kisigino kilichokuwa kooni mwao
kilikuwa cha jirani, Mgiriki mwenzao.
Mwongozo wa kusahihisha hauna mstari wao.

Kisha Bwigane, karatasi ya thelathini na mbili.
Mchana anauza vipuri vya pikipiki Gerezani,
jioni anaingia darasani na grisi kwenye kucha.
Hoja hakuandika hata moja. Ameandika ubeti:

     Umeuliza wenyeji, walimpokea vipi,
     Kwanza nitajie mji, uliokuwepo wapi,
     Kuna mlilia taji, na mlilia makapi,
     Huyo Mgiriki yupi, Mwalimu, unamsema?

Nikaiweka chini kalamu nyekundu.

Kule Kaironea, vita viliposhindwa,
kuna simba wa mawe amekaa kitako
juu ya mifupa ya watu mia mbili hamsini na wanne,
safu saba, wengine bado wameshikana mikono.
Hana maandishi.
Karne ya juzi walimkuta vipande vipande,
baadaye wakamuunga, na kila apitaye
akampa sauti yake mwenyewe.
Analilia uhuru, akasema mmoja.
Anashangilia taifa kuzaliwa, akasema wa pili.
Wapo wasomi wanaouliza mpaka leo
kama mifupa yenyewe si ya washindi.
Na nchi mbili jirani zimegombania jina
kama warithi wa kiwanja cha Tandale:
hati haionekani, mashahidi wamekufa,
na kila upande una picha ya marehemu ukutani.

Asubuhi nilishukia Posta,
nikamwendea Askari wetu wa shaba.
Bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini.
Yeye maandishi anayo.
Hakuna neno hata moja humo alilolisema yeye.
Mahali pake alisimama gavana wa Kijerumani;
Mwingereza akamng'oa, akaweka mtu mweusi,
akamwandikia ya kusema.

Babu wa mama yangu alibeba mizigo ya Mjerumani,
na alipotekwa, akabeba ya Mwingereza.
Nyumbani walimuuliza: yupi alikuwa afadhali?
Akajibu: mmoja alinilipa rupia,
wa pili akaniambia rupia zile hazitumiki tena.
Akaomba uji.
Hiyo nayo ni hoja ya ngapi?

Kijana wa kung'arisha viatu, kiti chake kivulini,
aliniona nimesimama sana.
Mama, unamsubiri mtu?
Nikamwambia, nasahihisha.
Akatazama viatu vyangu, akacheka.

Mwongozo unasema sifuri.
Nimempa Bwigane kumi na saba.
Tatu nimekata, na sababu nimeiandika pembeni:
mstari wa kwanza, grisi imefunika neno,
sikuweza kusoma sawasawa
kama ni wenyeji au ni wenyewe.
Kina kinadai wenyeji.
Mwandiko unaelekea wenyewe.